Petroli ya Turgun

Mtu akitaka kuuona ukaidi kwa macho yake, asiende mbali. Aende Tashkent, aulizie nyumba ya Sanobar muuguzi, na hata watoto watamwelekeza kwa waya. Ni waya mnene mweusi unaotoka dirisha la jikoni, ukapita juu ya fito za mzabibu, ukashuka mpaka ubavuni mwa gari la kijivu lililoegeshwa uani. Ukiuona waya, umefika.

Gari lenyewe ni la Kichina, la aina ile inayochomekwa ukutani kama birika na bado ina tangi la petroli. Ukilichaji usiku, asubuhi linakwenda kilomita sabini kwa umeme mtupu, kimya kimya, mpaka paka wa mtaani wanasahau kulikimbia. Umeme ukiisha, injini ya petroli inaamka yenyewe na kushika kazi. Turgun, mume wa Sanobar, aliyekuwa fundi wa lifti, alipolinunua aliwatangazia majirani kwamba gari lake lina wake wawili. Umeme ndiye mke mdogo, mchangamfu, wa kuzunguka naye mjini. Petroli ndiye mke mkubwa, wa safari na wa shida.

"Siku watakapogombana hao wake zako," Sanobar alimjibu mbele za watu, "wewe utarudi kwa miguu."

Hawakuwahi kugombana. Alhamisi moja ya Novemba Turgun alijaza tangi, akiishika pampu mwenyewe maana hakuna mhudumu wa kituo aliyemwamini. Jumapili wakaenda Parkent kununua komamanga. Jumatatu alfajiri, akitia udhu, moyo wake ukasimama. Jina Turgun maana yake ni "abaki". Mama yake, Bi Risolat, alikwisha kuzika watoto watatu kabla yake, na kwao mtoto anayefuata baada ya misiba ya namna hiyo hupewa jina la kumfunga duniani. Alibaki miaka sitini na mmoja.

Kwa desturi ya huko, nguo za marehemu huchukuliwa na waosha maiti. Wakachukua majoho, kofia, hata zile soksi za sufu alizofumiwa na mkewe. Mtoto wao wa kiume akaja kutoka kazini Korea, akalia, akaomba saa ya baba yake, akapewa. Arobaini ilipopita Sanobar akaingia garini kwa mara ya kwanza peke yake, akawasha, akaona mshale wa mafuta umesimama kwenye robo tatu. Akautazama sana. Nyumba nzima ilikuwa imefagiwa, imefuliwa, imegawiwa. Kitu pekee alichokitia Turgun kwa mkono wake na bado kikawapo palepale alipokitia kilikuwa ile petroli. Sanobar akaapa haitaungua hata tone.

Watu wengine huapa kwa mdomo. Huyu aliapa kwa mguu wa kulia. Alijifunza kukanyaga pedali ya mwendo kwa upole, kwa kuwa ukikanyaga kwa pupa injini inaamka. Alijifunza kuachia mapema akiona taa nyekundu mbali, gari lijirudishie umeme kidogo. Kila siku alikuwa na nyumba kumi na mbili za kuzungukia kwa kazi yake ya uuguzi wa mtaa: wazazi wapya, wazee wa sindano, watoto wa kupimwa uzito. Alizipanga upya kwenye daftari, siyo tena kwa ugonjwa bali kwa umbali, zisizidi kilomita arobaini. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliuliza kwa nini siku hizi anapimwa presha Jumanne badala ya Jumatatu. Sanobar akamwambia ni utaratibu mpya wa serikali.

Kazi kubwa ilikuwa majira ya baridi. Hita ya lile gari ilikuwa na ulafi: kukiganda sana nje, inaiamsha injini ili ipate joto. Basi Sanobar hakuwasha hita. Aliendesha amevaa joho la pamba juu ya koti, glovu mbili mbili, kitambaa mkononi cha kufutia kioo cha mbele kila pumzi ilipokifunika. Na Bi Risolat, mwenye miaka themanini na sita, aliyepaswa kupelekwa kwa daktari wa macho kila mwezi, alifungwa kwenye mfarishi mzima yakabaki macho hayo tu.

"Mwanangu alinunua gari," Bi Risolat aliwaambia majirani, "mkwe wangu kaligeuza jokofu. Ana tangi la mafuta, lakini kutia kijiko kimoja, roho inamuuma! Nimeona mabahili, huyu ni bahili wa mabahili."

Mirvali, jirani wa mkono wa kushoto, ambaye gari lake lilikwenda kwa gesi kama magari ya nusu ya nchi, naye hakuwa nyuma. "Dada Sanobar, hiyo petroli unaipikia siki? Itakuwa imeiva sasa."

"Wewe kapange foleni yako ya gesi," Sanobar alimjibu. "Ukirudi kesho kutwa tutaongea."

Hakumwambia mtu sababu. Angeisemaje? Mtu mzima, muuguzi wa miaka thelathini, anatunza petroli kama wenzake wanavyotunza barua! Mwaka ulipotimia akapika pilau ya kumaliza msiba, wanawake wa ukoo wakamvua nguo za buluu za msiba, wakamvika nyeupe, wakamwambia sasa amepoa. Wahenga wamesema mwenye kovu usidhani kapoa. Jioni ile, wageni walipoondoka, alikwenda uani, akachomeka waya, akaangalia mshale. Robo tatu.

Gari lenyewe likaanza kulalamika. Siku moja kwenye kioo cha dashibodi yakatokea maandishi: petroli imekaa muda mrefu, washa injini iitumie. Chini yake vitufe viwili, "sasa" na "baadaye". Sanobar akabonyeza "baadaye". Kesho yake yakarudi, akabonyeza "baadaye". Ikawa ndivyo anavyoianza kila siku: bismillahi, mkanda, baadaye. Alilipeleka kwa fundi Shuhrat aondoe yale maandishi, Shuhrat akakataa.

"Shangazi, linakwambia kweli. Petroli siyo mvinyo. Inachacha, inaacha gundi mle ndani. Ukiilaza zaidi, siku ukiitaka injini itakugomea."

"Sitaitaka."

"Basi ungenunua la umeme mtupu!"

"Sikulinunua mimi," alisema Sanobar, akafunga mlango.

Palikuwa na vita nyingine, ndogo, ya kila usiku. Bi Risolat aliamini kitu chochote kinachonyonya umeme watu wakiwa wamelala kitaunguza nyumba. Baada ya sala ya isha alipita akichomoa: redio, birika, na mwisho waya wa gari. Sanobar alimngoja alale, akatoka kwa ncha za vidole, akachomeka tena. Miezi kumi na mitano mmoja anachomoa, mmoja anachomeka, na hakuna aliyemtajia mwenzake. Mpaka ile siku ya Februari, Sanobar aliporudi kutoka kuchanja watoto mia na arobaini, akaketi kuvua soksi, akapitiwa na usingizi akiwa na soksi moja.

Simu ililia baada ya alfajiri. Ilitoka Kokand, ng'ambo ya milima. Hojar, dada mkubwa wa Bi Risolat, amefariki. Anazikwa leo baada ya adhuhuri.

Bi Risolat hakupiga kelele. Alikaa kitako, akasimama, akakaza kilemba. "Nataka kumwona uso kabla hajatolewa," alisema. "Tumebaki wawili tu. Nataka kumwona."

Treni ya asubuhi ilikwisha ondoka. Sanobar akagonga kwa Mirvali. Mirvali akatoka na uso wa aibu: kwa baridi ile vituo vya gesi vilikuwa vimefungwa tangu juzi, na gari lake lilikuwa tupu kama ngoma. Sanobar akarudi mbio uani. Waya ulikuwa chini, umeviringishwa vizuri, umefungwa na utepe.

"Mama, umechomoa!"

"Nimechomoa. Kila siku nachomoa. Kinanyonya usiku kucha kama kupe, nisichomoe kwa nini?"

Betri ilikuwa asilimia hamsini na tano. Kwa baridi ile ni kilomita thelathini na kitu. Kokand ni mia mbili na thelathini, na katikati umelala mlima. Sanobar alipiga hesabu amesimama kwenye theluji: kuna kituo cha kuchajia njiani kabla ya Ahangaran. Atachaji pale, kisha Angren, kisha apande taratibu. Saa moja asubuhi walikuwa barabarani. Bi Risolat amefungwa mfarishi, hita imezimwa, na yale maandishi yalipotokea Sanobar akabonyeza "baadaye" bila hata kuyatazama.

Kituoni walifika na asilimia saba. Palikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa na karatasi imebandikwa, "mbovu". Kwenye ile nyingine magari matatu yamejipanga, na dereva wa kwanza amelala ndani mdomo wazi.

"Kila gari ni kama dakika hamsini," kijana mmoja aliwaambia. "Baridi hii inachelewesha."

Sanobar akarudi kwenye usukani. Saa mbili kasoro robo. Magari matatu, kisha lake. Alianza kuhesabu tena, kana kwamba hesabu ikirudiwa itaona haya na kubadilika.

"Tunangoja nini?" Bi Risolat aliuliza kutoka ndani ya mfarishi.

"Umeme, Mama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa tano... Labda na nusu."

"Saa sita na nusu wanamtoa." Mkono wa kikongwe ukachomoza, ukanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Na ile? Siwezi kusoma, lakini ile ninaijua. Kale kasanamu ka pampu. Turgun alinionyesha. Aliniambia, Mama, mshale ukiwa juu hivi naweza kukupeleka hata Makka. Uko juu. Nimeuona juu mwaka mzima. Sasa niambie wewe, Sanobar, ni roho ya namna gani hiyo? Dada yangu yuko kwenye ubao wa kuoshea, nawe unabana mafuta!"

Sanobar alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Alitaka kusema lolote, kwamba injini ni mbovu, kwamba fundi amekataza. Ulimi ukamsaliti, ukasema kweli.

"Ni ya Turgun, Mama. Aliitia mwenyewe Alhamisi ile. Nguo wamechukua, saa amechukua mtoto. Mimi nina hii. Ikiungua sina tena kitu alichokishika kikabaki kilivyokuwa. Ndiyo maana sikuwasha hita. Siyo ubahili. Nisamehe kwa miguu yako kuganda."

 Nje, yule dereva aliyelala akageuka upande wa pili.

"Kumbe!" alisema Bi Risolat mwishowe. "Na mimi nimekusema bahili mtaa mzima. Nimekusema mpaka kwa muuza maziwa."

"Najua, Mama. Aliniambia."

"Mmbea yule." Kikongwe akavuta kamasi. Akaufungua mfarishi mpaka mabegani, kama mtu anayejiandaa kwa kesi. "Basi nisikilize. Wewe ulimpata amekwisha kua, ana masharubu, anajua kujifunga viatu. Mimi nilimbeba baada ya makaburi matatu. Nilimpa jina la kubaki, asibaki. Nguo zake sikudai. Saa sikudai. Gari umechukua wewe, sikutia neno. Leo nadai. Hiyo petroli nusu ni yangu."

"Mama..."

"Nusu ni yangu! Mama wa maiti hana fungu? Yako ifungie, ifukie, itie chumvi, haitanihusu. Yangu naitaka sasa hivi. Mwanangu anipeleke kwa dada yangu."

Sanobar alimtazama. Ukaidi wote aliokuwa ameubeba miezi kumi na mitano, akidhani ni wake peke yake, sasa aliuona mzima kwa huyu kikongwe. Alicheka, na machozi yakamtoka palepale, na hakujua kipi kilitangulia. Akajifuta kwa kile kitambaa cha kioo.

"Funga mkanda, Mama," alisema. Akawasha, akayangoja yale maandishi, akabonyeza "sasa".

Injini haikutaka. Ilikohoa, ikatikisa gari zima, ikanyamaza. Mara ya pili ikakohoa kwa muda mrefu zaidi, ikatoa moshi mweupe nyuma, watu wa foleni wakageuka kutazama. Sanobar akakumbuka maneno ya Shuhrat kuhusu gundi. Alikuwa ameilinda mpaka ameiua! Miezi yote ile aliogopa isije ikaungua, na sasa alikuwa akiiomba, kwa sauti, iungue: "Haya, Turgun. Haya, baba. Mara moja tu."

Mara ya tatu injini ikaamka. Ikatetemeka kidogo, ikatulia, ikanguruma sawasawa.

"Hata kikohozi ni chake," alisema Bi Risolat. "Twende."

Sanobar hakuwahi kuuvuka mlima ule akiwa dereva. Siku zote aliendesha Turgun, yeye akimenya mayai ya kuchemsha na kumlisha. Sasa alipanda nyuma ya malori, theluji imerundikwa kimo cha mtu kila upande, na alipoona nafasi alilipita lori kwa kukanyaga mpaka chini, mguu uleule uliozoea upole. Mshale ulikuwa unashuka. Aliuona unashuka, mstari baada ya mstari, na hakuondoa mguu. Hita ilikuwa imewashwa. Ilitoa joto lenye harufu ya vumbi la mwaka jana, na Bi Risolat akavua mfarishi, akavua viatu, akainyoosha miguu yake yenye soksi kwenye ule upepo wa moto, akawa anasimulia: siku Turgun alipofungua redio ya baba yake aone watu walioko ndani, siku alipokwama juu ya mti wa tufaha nyumbani kwa Hojar, naye Hojar akamshusha kwa upawa wa pilau. Sanobar hakuwa amewahi kuyasikia hayo. Alisikiliza huku akiendesha, na hakuuliza kitu, asije akaikata ile hadithi.

Baada ya mahandaki yanayopenya kilele barabara ikaanza kuteremka. Gari likawa linajizuia lenyewe kwenye mteremko, na tarakimu za betri zikaanza kupanda: kumi na mbili, kumi na tano, ishirini.

"Mbona kile kingine kinaongezeka?" Bi Risolat aliuliza.

"Tukishuka, breki zinarudisha umeme, Mama."

"Ahaa. Mke mdogo kapona," alisema kikongwe, na wote wawili wakacheka, wakiwa wanakwenda mazikoni.

Saa sita na dakika tano waliingia Kokand. Wanaume walikuwa wamesimama mlangoni kwa Hojar, majoho yamefungwa vitambaa viunoni, na jeneza tupu limeegemezwa ukutani likingoja. Hajatolewa. Sanobar aliliacha gari katikati ya njia, mlango wazi, akamshika mama mkwe kwapani, watu wakawapisha.

Ndani wanawake walikuwa wamemzunguka Hojar, wakilia. Walipomwona Bi Risolat wakafungua njia, na binti mkubwa wa marehemu akafunua shuka usoni. Bi Risolat akapiga magoti kwa shida. Alimshika dada yake mashavu kwa viganja viwili na kumtazama sana, kama alivyotaka. Kisha akainama mpaka sikioni, akasema kwa sauti ambayo wazee hudhani ni ya kunong'ona:

"Hojar, utamkuta Turgun wangu. Msalimie. Mwambie leo mama yake kaletwa na yeye mwenyewe, mpaka mlangoni. Mwambie na mkewe ndiye aliyeshika usukani."

Sanobar alikuwa amesimama nyuma yake, mkononi ana viatu vya kikongwe. Aliangua kilio. Kilimtoka cha sauti, cha kuinama, ambacho hakikumtoka hata siku alipokufa mumewe, maana siku ile alikuwa na wageni wa kupokea na maji ya kuchemsha. Wanawake wa Kokand wakamsogelea, wakamshika mabega, wakamkalisha katikati yao. Wakawa wanaambiana, jamani, mkwe huyu wa Tashkent alimpenda kweli bibi yetu Hojar, na kumbe Sanobar alikuwa amemwona mara tatu tu maishani.